Mpira wa Uingereza kwenye runinga: leseni, Jumamosi saa tisa na "dau la bure"

Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza Jumamosi saa tisa alasiri kule London huonekana Mombasa, Lamu na Malindi bila tabu kwa mwenye king'amuzi cha kulipia. Mpwa wako aliyeko London, vituo vichache tu vya treni kutoka uwanjani, haioni. Ndivyo ilivyo tangu miaka ya 1960: siku ya Jumamosi, kati ya saa 8:45 mchana na saa 11:15 jioni, mechi hazioneshwi moja kwa moja nchini humo, ili watu waende viwanjani, hasa kwa timu ndogo zinazoishi kwa tiketi za mlangoni.

Basi kijana anayetoka huku kwenda kusoma au kufanya kazi hushangaa mara mbili. Kwanza mechi haioni. Pili anaambiwa kutazama runinga kuna leseni.

Leseni hiyo si ya chombo, ni ya kitendo. Anayetazama au kurekodi matangazo ya moja kwa moja ya stesheni yoyote anatakiwa awe nayo, iwe ni kwa runinga, kompyuta au simu. Pia anaihitaji kwa chochote kilichoko BBC iPlayer, hata kipindi cha juzi. Jambo ambalo watu wetu hawalijui ni kwamba stesheni za nje zimo pia. Ukikaa London ukafuata taarifa ya habari ya runinga ya Kenya inaporushwa papo hapo kupitia YouTube, kwa sheria yao unahitaji leseni. Video fupi za mabao zilizowekwa YouTube baada ya mechi hazihitaji, wala Netflix ikiwa hutazami kitu kinachorushwa wakati huo huo. Redio haina leseni kabisa, kwa hiyo ile mechi ya saa tisa isiyoonekana unaweza kuisikiliza bila wasiwasi.

Aprili 2025 ada iliwekwa pauni 174.50 kwa mwaka, nayo hupandishwa mara kwa mara. Mkikodi nyumba kwa mkataba mmoja, leseni moja yawatosha nyote. Kila mtu akiwa na mkataba wake wa chumba, kila mmoja na leseni yake. Kukutwa bila leseni faini yaweza kufika pauni 1,000, mbali na gharama za mahakama. Afisa akibisha hodi hana ruhusa ya kuingia ndani bila idhini yako au hati ya mahakama. Na leseni haikupi Sky wala TNT, wenye mechi nyingi za ligi. Hao walipwa mbali.

Hapo ndipo makampuni ya kamari yanapopenyeza tangazo lao: "Tazama mpira bure kwetu." Januari 2020 jambo hili lilizua kelele kubwa. Katika raundi ya tatu ya Kombe la FA, mechi 23 zilipatikana kwenye tovuti za kamari, na katika mojawapo sharti lilikuwa uweke pesa au ubashiri ndani ya saa 24 kabla ya mpira kuanza. Serikali na wabunge walilalamika, maana ni FA hao hao wanaowafungia wachezaji kwa kubashiri. Siku chache baadaye makampuni yaliiachia haki hiyo ya pekee. Lakini mtindo wenyewe haukufa: utazamaji ni "bure", mlango ndio wa kulipia.

Tangazo la pili ni la "weka pauni 10, upate 30 za bure". Kwa Muislamu hukumu ya kamari yajulikana, na sitaiongezea neno. Ila hata asiyejali hukumu na apige hesabu. Dau la kawaida la pauni 10 kwa kiwango cha 2.00 likishinda, unarudishiwa 20: kumi zako na kumi za faida. Dau la bure likishinda, kwa kawaida unapata faida tu, yaani 10, kwa sababu dau lenyewe halikuwa lako. Likishindwa huna kitu, na zile kumi za mwanzo ulizotoa mfukoni zilishachezwa. Mara nyingi 30 hizo hugawanywa vipande, kila kimoja na tarehe ya kuisha.

Bonasi ni mbaya zaidi. Huwezi kuitoa mpaka uizungushe mara kadhaa. Tangu Januari 2026 msimamizi wa kamari wa Uingereza amezuia sharti hilo lisizidi mara 10, na hata hivyo bonasi ya pauni 10 itakutaka ubashiri jumla ya pauni 100 kabla ya kugusa senti.

Huku kwetu ujumbe huja kwa WhatsApp na Telegram, ukiahidi "mechi zilizopangwa" kwa anayetuma pesa kwanza kwa M-Pesa. Mwenye kujua matokeo kweli hana haja ya mia tano zako. Usitume.

Kwa aliyeko Uingereza na ameshanasa, kuna huduma ya bure iitwayo GAMSTOP. Ukijiandikisha, makampuni yote ya kamari ya mtandaoni yenye leseni nchini humo yanalazimika kukufungia kwa miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, kadiri utakavyochagua, na muda huo hauwezi kuufuta kabla haujaisha.