Kimvita kilivyoshindwa nyumbani kwake

Kila Julai 7 ikifika, hotuba huwa nyingi. Tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, watu huvaa kanga na kofia za vito, wanafunzi hutoa ngonjera, na mgeni rasmi hukumbusha kwamba wasemaji wamepita milioni 200. Mwalimu Nyerere hutajwa, na Shaaban Robert hutajwa. Kisichotajwa ni kwamba Kiswahili hicho kinachoshangiliwa, hiki cha gazetini na vitabuni, kilichaguliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa Juni 1928, na kwamba lahaja ya wenyeji wa mkutano, Kimvita, ndiyo iliyoshindwa.

Januari 1, 2030 Kamati ya Lugha iliyotokana na mkutano huo itatimiza miaka 100. Sijasikia bado serikali hata moja ikiizungumzia siku hiyo. Labda ni heri, kwa sababu kuizungumzia kutafufua maneno ambayo wazee wa Mji wa Kale wa Mombasa hawajayasahau.

Nimeegemea vitabu viwili. Kimoja ni Historia ya Kiswahili cha Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, kilichotoka mwaka 1977. Kingine ni cha Mwingereza Wilfred Whiteley, cha mwaka 1969, kuhusu Kiswahili kilivyokua hadi kuwa lugha ya taifa. Whiteley anaeleza kwa utulivu wa mtu asiyekuwa na shamba katika mgogoro. Chiraghdin alikuwa mwalimu na mtoto wa Mombasa, na msomaji atanivumilia nikielemea upande wake.

Mwanzo wa habari unajulikana. Pwani iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla Mzungu yeyote hajakitungia sarufi. Barua za Kilwa za mwaka 1711 zimehifadhiwa hadi leo Goa, India. Mmisionari Krapf akafika Mombasa mwaka 1844, akaanza kukiandika kwa herufi za Kirumi. Kule Unguja, Edward Steere wa misheni ya UMCA akatoa kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870, akajenga kanisa kuu pale Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, na akachapisha vitabu kwa mfululizo. Krapf aliifuata Mombasa, Steere akaifuata Unguja, na kila mmoja akaacha wafuasi.

Mtu ambaye hotuba za Julai zingemtendea haki kwa kumtaja ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Huyu alikuwa mwanachuoni wa Mombasa aliyehofia kwamba mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, yangekufa pamoja na wazee waliokuwa bado wameyashika vifuani. Akayakusanya na kuyaandika. Mwenziwe katika kazi hiyo alikuwa mmisionari wa CMS, William Ernest Taylor, aliyefika pwani mwaka 1880 na kukijua Kimvita kwa kiwango ambacho Wazungu waliomfuata hawakukifikia. Mwaka 1891 Taylor alichapisha mkusanyiko mkubwa wa methali. Diwani ya Muyaka yenyewe ilingoja hadi 1940, William Hichens alipoitoa kule Afrika Kusini.

Sikujua na Taylor walikuwa na shida moja ya ufundi. Herufi za Kiarabu zilivyozoeleka hazikutosheleza sauti za Mombasa, na herufi za Kirumi zilitosheleza chache zaidi. Mwenyeji wa Mombasa ana t mbili, moja ya ulimi kugusa meno na nyingine ya ulimi kurudi nyuma kidogo. Paa la nyumba na paa wa mwituni havitamkwi sawa. Yule mnyama hutoka kinywani na pumzi. Basi wawili hao wakairekebisha hati ya Kiarabu, wakaongeza alama ili kila sauti ipate herufi yake. Kwa lugha ya leo tungesema walikuwa wakitengeneza kibodi. Ilikuwa kazi ya kitaalamu kweli, na ilifanywa na Mswahili na mgeni wakiwa wamekaa mkeka mmoja, jambo ambalo Kamati iliyokuja baadaye haikuliweza kwa muda mrefu.

Sikujua alifariki mnamo 1890. Taylor alifariki mwaka 1927. Mwaka uliofuata, mkutano ukaitwa.

Ulikuwa umetanguliwa na mwingine, wa Dar es Salaam mwaka 1925, ulioitishwa na serikali ya Tanganyika kuzungumzia elimu. Hoja ya wakubwa ilikuwa ya mfukoni zaidi kuliko ya lugha: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zote zilikuwa chini ya Mwingereza, na kuchapa kitabu kimoja cha shule kwa nchi zote ni rahisi kuliko kuchapa vinne. Ili kitabu kiwe kimoja, tahajia iwe moja. Na ili tahajia iwe moja, lahaja ichaguliwe.

Mombasa, Juni 1928, pande zikakabiliana. CMS ya Kenya ilisimama na Kimvita. Ilikuwa na Biblia nzima ya lahaja hiyo, iliyotoka mwaka 1914, na ilikuwa na hoja ambayo hadi leo sijaona ikijibiwa vizuri: Kimvita kilikuwa na hazina ya ushairi, na kilikuwa karibu na Kiamu, lahaja ya Lamu, kilichobeba tenzi kongwe. Lugha ya kufundishia watoto ichotwe wapi kama si penye fasihi? UMCA walisimama na Kiunguja. Nao walikuwa na Biblia yao, ya mwaka 1891, na walikuwa na ramani. Misafara ya karne ya 19 ilianzia Unguja na Bagamoyo, ikabeba Kiunguja hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani wakakiendeleza katika shule na ofisi zao. Profesa Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu kutoka Hamburg, naye alihudhuria. Kiunguja kikapita.

Sitasema ulikuwa uamuzi wa kipumbavu. Mtu wa Kigoma mwaka 1928 angeletewa kitabu chenye nti, mato, kitwa na mtanga, angekisoma kwa taabu, ilhali nchi, macho, kichwa na mchanga alikwisha kuyasikia kwa wapagazi. Ninalolikataa ni namna ushindi ulivyotumiwa. Kiunguja kilipewa jina jipya, Kiswahili Sanifu, na vyote vilivyobaki vikawa lahaja. Mtoto wa Kibokoni, Mombasa, aliyeandika kama mamake asemavyo akawekewa alama nyekundu katika somo la lugha ya mamake.

Kamati ilianza kazi Januari 1, 1930, katibu wake akiwa Frederick Johnson. Iliamua tahajia, ikaamua maneno gani yaandikwe pamoja na yapi yatenganishwe, na ikaupa kibali kila mswada wa kitabu cha shule kabla haujafika kiwandani. Kamusi inayobeba jina la Johnson ilitoka mwaka 1939, mwenyewe akiwa ameshafariki. Hadi mwaka 1946 hapakuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Miaka 16 lugha yetu ilijadiliwa mezani kwa watu ambao hapana hata mmoja aliyebembelezwa nayo.

Kulikuwa na kisa kingine pembeni, cha kuchekesha kama si cha kusikitisha. Mwaka 1930 mmisionari Mjerumani Karl Roehl alilalamika katika jarida la kitaalamu la London kwamba Kiswahili kimejaa Kiarabu kupita kiasi na kinafaa kurudishwa kwenye Ubantu wake. Kasisi Broomfield wa UMCA akamjibu mwaka uliofuata kwamba maneno hayo yamekwisha kuwa mali ya Waswahili. Roehl hakunyamaza, mwaka 1937 akatoa Biblia yake iliyopunguziwa Kiarabu. Zikawa Biblia tatu za Kiswahili, hadi toleo la pamoja la mwaka 1952 lilipozipatanisha.

Mombasa haikungoja kuruhusiwa. Mwaka uleule wa 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kisha Al-Islah mwaka 1932. Washairi nao waliendelea na lugha yao. Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki gerezani kati ya 1969 na 1972 kwa Kimvita, na diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Lahaja iliyokatwa alama darasani ikawa inatahiniwa darasani.

Ofisi za Kamati zilihamahama: Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Mombasa kwa muda mfupi, kisha Dar es Salaam tena mwaka 1964, ambako ilikua ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), na leo Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iko Zanzibar. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu alitumia maisha yake kuchimba maneno ya zamani kwa ajili ya mitambo mipya, na neno runinga la vyombo vya habari vya Kenya ni lake. Vijana wanaoandika xaxa na cjui kwenye simu hawajamwomba kibali katibu yeyote, ingawa simu zenyewe husahihisha kwa tahajia ya 1930.

Karatasi za Taylor, zikiwa na kazi ya Mwalimu Sikujua ndani yake, ziko London katika maktaba ya chuo cha SOAS. Chuo hicho kimepiga picha sehemu ya hati zake za Kiswahili na kuziweka mtandaoni, kwa hiyo mwanafunzi wa Mombasa anaweza kuzifungua akiwa Makadara, mradi ana data. Hati aliyoitengeneza Sikujua haifundishwi shuleni, na kaunti ya Mombasa ikitaka kuiadhimisha hiyo miaka 100 mwaka 2030 kwa njia nyingine zaidi ya ngonjera, somo la hati hiyo linaweza kuanza muhula wowote.