Mto Ruzizi: unaingia au unatoka?

Ruzizi ni mto wa kama kilomita 117 tu. Unatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, unapita katikati ya Kongo na Rwanda, kisha katikati ya Kongo na Burundi, halafu unaingia Ziwa Tanganyika. Kivu iko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika kama mita 770. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo leo hakuna anayebisha mto huu unaelekea wapi. Lakini katika karne ya 19 swali hilo liligombanisha watu wazima, tena wasomi, kwa zaidi ya miaka kumi.

Shida ilikuwa Nile. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakitafuta chanzo chake. Kama upande wa kaskazini wa Tanganyika kuna mto unaotoka, basi huenda ndio Nile wenyewe. Speke akavuka ziwa kwenda kisiwa cha Kasenge kumwomba jahazi mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim. Jahazi hakulipata, ila alirudi na habari: kaskazini kuna mto mkubwa, nao unatoka ziwani.

Sasa hebu tazama habari hiyo ilipitia njia gani. Speke hakuwa na Kiarabu, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kupelekwa utumwani India, na wawili hao walielewana kwa Kihindustani. Yaani maneno ya Hamed yalihama lugha kabla hayajamfikia Speke. Na tofauti ya mto "unaingia" na mto "unatoka" ni kitenzi kimoja tu!

Aprili mwaka huohuo walipanda mitumbwi mpaka Uvira. Huko watoto wa mtawala wa eneo hilo waliulizwa, wakajibu bila kusita: Ruzizi unaingia ziwani. Wenyeji wengine wakasema vilevile. Bombay naye akaeleza kwamba Speke hakumwelewa Hamed. Wasafiri wakageuza bila kuuona mdomo wa mto, maana wapiga makasia waliogopa kwenda mbele.

Mimi naona suala lilipaswa kuishia pale. Walioulizwa walikuwa majirani wa mto. Lakini Speke alirudi Uingereza akidai kwamba Nile inatoka Ziwa Viktoria, na urafiki wake na Burton ukavunjika. Septemba 1864 walitarajiwa kujadiliana hadharani mjini Bath. Siku moja kabla, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mwaka huohuo Burton akachapisha hoja kwamba Ruzizi huenda unatoka Tanganyika kwenda kaskazini. Ni kinyume kabisa na alichoambiwa Uvira! Ili Viktoria ishindwe, ushahidi wa wenyeji ukawekwa kando.

Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia kutoka Ujiji mpaka kwenye mdomo wenyewe, wakaona maji yanaingia. Mlango wa kutokea, yaani mto Lukuga upande wa magharibi, ulitambuliwa na Cameron mwaka 1874. Kiongozi wa msafara wake? Bombay yuleyule.

Jiolojia nayo ina lake la kusema. Zamani maji ya bonde la Kivu yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, ambalo ni sehemu ya mfumo wa Nile. Volkano za Virunga zikainuka na kuziba njia. Maji yakajaa nyuma ya ukuta huo, yakafurika mabonde (ndiyo maana ufuko wa Kivu umejaa vighuba vingi), na mwishowe, takriban miaka 10,000 iliyopita, yakapata upenyo kusini. Hapo ndipo Kivu na Tanganyika zikaunganishwa na Ruzizi. Hii haimwokoi Burton, kwa sababu yeye alizungumzia maji ya Tanganyika, si ya Kivu.

Samaki bado wanakumbuka njia ya zamani. Jamii ya sato wadogo wa Kivu ni ndugu wa wale wa Edward na Viktoria, si wa Tanganyika, ingawa ni Tanganyika ndiyo iliyounganishwa nayo leo. Sehemu ya juu ya Ruzizi ina maporomoko makali, na samaki wa Tanganyika hawakuweza kuyapanda. Ndiyo maana sambaza, samaki mdogo wa familia ya dagaa anayevuliwa sana Kivu siku hizi, hakufika kwa kuogelea. Watu walimchukua Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakamwachia humo.