Hesabu Nyuma ya Wepesi: Historia ya Msemo wa Kiingereza “plain sailing” na Tafsiri Yake

Miongoni mwa misemo ambayo Kiingereza hutumia kueleza jambo lisilo na vikwazo, “plain sailing” umewapotosha wafasiri wengi. Kwa kuwa “plain” ni wazi au rahisi, na “sailing” ni kusafiri kwa tanga, hudhaniwa kwamba chimbuko lake ni bahari tulivu. Sivyo. Chimbuko ni hesabu.

Katika karne ya 17 tahajia “plain” na “plane”, zote za asili ya Kilatini, zilikuwa bado zikibadilishana nafasi. “Plane sailing” ilikuwa, na ingali, mbinu ya mabaharia ya kukokotoa njia ya chombo kana kwamba uso wa dunia ni bapa. Chati za kale za aina hiyo zilichukulia kwamba digrii ya longitudo ina urefu uleule kila mahali. Karibu na ikweta kosa hilo ni dogo: kwenye latitudo ya Mombasa, takribani digrii 4 kusini, halifiki asilimia 1. Kwenye digrii 60, urefu halisi ni nusu tu. Mercator alichapisha ramani ya kulirekebisha mwaka 1569, na mwaka 1599 Mwingereza Edward Wright akafafanua hisabati yake. Hata hivyo mabaharia hawakuiacha mbinu ya zamani, maana pembetatu moja iliwatosha. Wepesi huo ndio uliohamia katika lugha ya kila siku, na tahajia “plain” ikaufaa.

Wamarekani husema zaidi “smooth sailing”, na hapo bahari tulivu ipo kweli. Msemo wao unakaribiana na “mambo ni shwari”, ingawa nahodha wa jahazi lisilo na injini angekuwa na neno: upepo ukikatika kabisa, tanga hulegea na safari husimama.

Katika nyaraka za sera msemo huu huonekana mara nyingi katika ukanushi. Mfasiri anayeandika kwamba bahari haitakuwa shwari humfanya mshauri atarajie dhoruba, yaani upinzani kutoka nje, ilhali mwandishi alionya tu kwamba kazi yenyewe ni ngumu. “Si lelemama” hubeba onyo hilo barabara, na leo wanaoitumia hawaifikirii tena ngoma ya wanawake wa pwani iliyouzaa usemi huo. Pale ambapo waraka ni rasmi mno kwa lelemama, “haitakuwa kazi rahisi” inatosha.