Manzese na Mpango wa Mji

Mfanyakazi hukaa karibu na kazi yake, hata kama ramani inakataa. Baada ya 1962 Shirika la Nyumba la Taifa lilibomoa nyumba za udongo Magomeni, likajenga za matofali ya saruji pale pale. Kazi njema, lakini idadi ya nyumba haikuongezeka sana. Kiwanda cha Urafiki kilipoanza 1968, Manzese ya jirani ilizidi kujaa bila kumsubiri mpima ardhi. Miaka ya 1970 Serikali yetu iliacha kubomoa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia (tusisahau hilo!) ikaingiza barabara na maji Manzese, ikapima viwanja Sinza na Kijitonyama. Manzese wavujajasho walibaki. Sinza, viwanja kadhaa vilivyokusudiwa wanyonge viliishia kwa wenye fedha za kujengea.