Sarodi na Muda: Santuri Iliyoipa Raga Nafasi ya Kupumua

Mwaka 1955, Ali Akbar Khan, mpigaji wa sarodi, ala ya nyuzi ya India, alirekodi jijini New York, kwa kampuni ya Angel, santuri iitwayo Music of India: Morning and Evening Ragas. Wengi huisifu kwa kutangulia: husemwa kuwa ndiyo santuri ndefu ya kwanza ya muziki wa kale wa India Kaskazini kutolewa Magharibi. Lakini thamani yake kubwa zaidi ni muda. Tangu mwimbaji Gauhar Jaan aliporekodiwa Calcutta mwaka 1902, sahani za zamani ziliwabana wasanii katika dakika kama tatu kila upande. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, naye alikikuta kipimo hicho aliporekodi Bombay mwaka 1928. Mwimbaji aliweza kupunguza beti. Raga, yaani muundo wa sauti ambao mwanamuziki huukuza hatua kwa hatua, haipunguziki kirahisi hivyo. Mpigaji huanza taratibu bila mdundo, akizitambulisha sauti moja moja, ndipo ngoma za tabla ziingie na kasi ipande. Santuri ya Khan iliipa kila raga upande mzima, takriban dakika 20: Sindhu Bhairavi ya asubuhi na Pilu ya jioni, Chatur Lal akipiga tabla. Sarodi ilizihitaji dakika hizo. Mkono wa kulia hupiga nyuzi kwa kipande cha kifuu cha nazi, huku kucha za mkono wa kushoto zikiteleza juu ya bamba la chuma, na mtelezo huo kutoka sauti hadi sauti hauharakishwi.

Wapo watakaopinga, wakisema kwamba ufupi haukuwazuia mabingwa. Khan mwenyewe aliitoa raga aliyoitunga, Chandranandan, kwenye sahani ya dakika tatu, ikapendwa. Ni kweli, ila mwaka 1965 aliirudia kwa dakika zipatazo 22, ishara kwamba alikuwa na mengi ya kusema ambayo sahani ile haikuyabeba. Wengine watasema hata dakika 20 hazifui dafu mbele ya onyesho la saa nzima. Hoja hiyo ina uzito, lakini tofauti si ya hesabu tu. Katika dakika tatu msikilizaji huonjeshwa raga. Katika 20 huisikia ikizaliwa, ikikua na kufika kileleni. Ndiyo maana mpiga fidla Yehudi Menuhin alitangulia kuzungumza kwenye santuri hiyo, akimwandaa mgeni kusikiliza. Basi tunapoandika historia ya muziki huu, tusiishie kuuliza nani alitangulia kurekodiwa. Tuulize pia alipewa muda gani.