Mdomo ukipinda: ni ulozi ao ni uvimbe?

Wasomi wenzangu, mimi ni mtu wa kilimo, si muganga. Lakini leo naomba tuongelee historia ya uso.

Kwetu Tunda, baba mukubwa alikuwa na kauvimbe kadogo chini ya sikio. Hakakumuuma, akakaachilia myaka. Kisha jicho la upande ule likaanza kushindwa kufunga, mdomo ukapinda pole pole. Jamaa ikasema: «Balimuloga.» Tukapoteza miezi tukitafuta mlozi.

Kumbe mambo haya yalianza kuelezwa zamani. Mwaka 1821, Charles Bell, mpasuaji wa Scotland aliyefanya kazi London, aliandika juu ya mshipa wa fahamu unaochezesha uso. Uso ukipooza kwa ghafula, ndani ya siku moja mpaka tatu, bila sababu kuonekana, ugonjwa ule unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Wengi wanapona.

Lakini mshipa uleule unapita ndani ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, inayoitwa parotidi. Humo unagawanyika matawi matano. Uvimbe mwingi wa tezi ile si kansa. Ila uvimbe ukiwapo na uso unalegea pole pole, hapo ni hatari: mara nyingi kansa imeshaingia katika mshipa.

Na hii si habari ya Ulaya tu. Jirani yetu Kampala, Davies, Dodge na Denis Burkitt, yule aliyejulikana kwa uvimbe wa taya za watoto, walitoa mwaka 1964 uchunguzi juu ya uvimbe wa tezi za mate Uganda. Waliweza juu wagonjwa walifika hospitali.

Baba mukubwa alifika akiwa amechelewa. Kansa ilikuwa imeshashuka shingoni. Tulimzika.

Shambani nikiona majani ya muhogo yamejikunja, siulizi nani aliloga shamba. Natafuta inzi weupe, nauliza miti ya kupanda ilitoka wapi. Nilisomea hiyo kwa lisansi yangu. Lakini mbele ya uso wa baba mukubwa, nilinyamaza pamoja na wengine.

Ndugu, dada, ukiona kauvimbe karibu na sikio la mzazi wako, usingoje mdomo upinde. Mpeleke.