Karata za Maneno Mpakani Busia na Tororo

Mwalimu anayetaka kurudia msamiati hahitaji zaidi ya boksi kuukuu, mkasi na kalamu ya wino mzito. Hukata kadi, huandika kwenye kila jozi neno na mwenziwe, kisha huzilaza kifudifudi mezani. Mwanafunzi hufunua mbili: zikilingana huzitwaa, zisipolingana huzifunika na kujitahidi kukumbuka zilikolala. Kampuni ya Ravensburger ya Ujerumani iliuuza mchezo huu kuanzia 1959, lakini Wajapani walikuwa wakilinganisha makombe yaliyochorwa ndani karne nyingi kabla.

Busia na Tororo mchezo huu una kazi ya ziada. Upande wa Kenya mtoto hufundishwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Upande wa Uganda, wazee wengi walikijua kwanza kama lugha ya kambi za jeshi. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kipewe nafasi shuleni na serikalini, Kabaka Daudi Chwa alipinga, na wamisionari wengi pia. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa maoni yangu, alikiongezea doa kuliko heshima. Mwaka 2005 katiba iliyorekebishwa ilikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Idhini hiyo haifuti kumbukumbu ya bunduki.

Hapo ndipo kadi zinapofaa. Andika kitabu, meza, dirisha, sabuni; wenzi wao wawe wa Kiganda: ekitabo, emmeeza, eddirisa, sabbuuni. Mtoto wa Kiteso ataongeza eitabo bila kusaidiwa. Kitabu kilitoka Uarabuni, dirisha Uajemi, meza kwa Wareno, na wafanyabiashara wa pwani wakayapandisha maneno hayo bara katika karne ya 19, kabla ya jeshi la kikoloni. Mtoto aliyeambiwa kwamba Kiswahili ni cha askari hugundua kuwa bibi yake amekuwa akifulia kwa neno lake maisha yote.

Nami huweka kadi za mtego. Omukazi wa Kiganda ni mwanamke. Mkazi wa Kiswahili ni yeyote aishiye mahali. Anayezitwaa pamoja hulazimika kuzirudisha, na darasa zima hucheka. Siku moja kijana huyo atasimama katika kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, aulizwe kama ni mkazi wa Busia, naye atajibu bila kukasirika.